Saa Mbili

Helve Lepasaar, mpiga kinanda wa kanisa huko Võru,
amekodi chumba asichowahi kukiona:
gigabaiti mbili za kumbukumbu, diski ya arobaini,
euro sita kwa mwezi, katika ghala la mashine
nje kidogo ya Tallinn, ambako feni hazilali.
Seva. Kompyuta iliyomo ndani ya kompyuta,
kama mpangaji nyuma ya ukuta wa mbao:
humwoni, ila unamsikia akikohoa.

Mle unaishi mfumo mmoja, mpya, msafi,
unaotunza ratiba ya kwaya.
Lakini kaka yake, Ülo, kabla moyo haujamsimama mwezi Machi,
aliacha programu aliyoiandika mwenyewe,
ya kuhesabia korongo wa kinamasi. Vuli thelathini na moja:
kila kundi, upepo ulitoka wapi,
nani alibeba chupa ya chai.
Nayo haikubali kufunguka
ila katika mfumo wa zamani,
ambao hata waliouunda hawaujibii barua.

Je, iwili inaweza kukaa humo? aliuliza.
Akajibiwa na Urmas, wa zamu ya usiku:
Mama, kwenye seva kama yako
mmoja hawezi kumbeba mwenzake mgongoni.
Gawanya diski. Huu uamke, ule ulale.

Mafahali wawili, tungesema sisi, na zizi moja.
Lakini hawa si mafahali.
Ni vibarua wawili wenye kitanda kimoja:
huyu akirudi, yule anafunga kamba za viatu,
shuka bado ina joto,
na hawajawahi kuonana.

Basi akagawanya, usiku mmoja wa Novemba,
miguu ndani ya beseni la maji moto.
Kipande cha kwaya. Kipande cha Ülo.
Sekunde kumi za kuchagua, mwanzoni.
Akachagua.

Dakika moja. Dakika nne.
Aliita; mtandao ukasema hapa hapana mtu.
Ndivyo kujifungia nje ya nyumba
iliyo kilomita mia mbili na hamsini,
funguo ziko mezani, ndani.

Urmas akamfungulia dirisha la dharura,
na kumbe!
Mfumo wa zamani ulikuwa macho,
umeketi gizani, kishale kinapepesa.
Haukuwa umekufa. Haukuitambua tu kadi ya mtandao,
kifaa kilichozaliwa baada yake.
Wakautafutia mkalimani, faili dogo mno,
kisha herufi za kijani zikatokea:

Oktoba kumi na mbili. Korongo mia nne na kumi na mmoja.
Upepo wa mashariki. Helve kavaa soksi zisizofanana.

Alicheka hadi maji ya beseni yakamwagika.

Saa ya mle aliiona imekosea, akairekebisha kwa mkono,
ikawa saa ya Võru.
Keshoye mfumo mpya ukaamka, ukaitazama saa hiyohiyo,
ukadhani ni ya Greenwich, ukaongeza saa mbili.
Ukawakumbusha wanakwaya mazoezi mapema.
Wazee tisa wakasimama kwenye theluji
mbele ya mlango uliofungwa,
na sauti ya pili, Bi Aliide, akatoa maneno
yasiyo ya kanisani.

Wewe unayesoma haya,
ambaye saa moja yako ya asubuhi
simuni imeandikwa saba,
unajua kwamba mtu hubeba saa mbili kichwani
na basi halimwachi.

Urmas alituma amri ya mstari mmoja, ya kuzipatanisha.
Hamisha hesabu zote, akaongeza, kisha futa ule wa zamani;
utaokoa nusu ya diski.
Mstari Helve aliutumia. Ushauri aliuacha.

Jumamosi, kwenye sekunde ya tisa, alichagua kipande cha Ülo.
Programu ikauliza, kama kila vuli: Idadi?
Aliandika sifuri. Ikakataa;
Ülo hakuwahi kuiachia sifuri nafasi.
Akashuka hadi sehemu ya maelezo, akaandika taratibu,
kidole kimoja kimoja, yeye mpiga kinanda:

Sikwenda. Nilikuwa nakutafutia kitanda.